Jina la Mama kwenye Daftari la Mbolea



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya ya familia unazungumzia mbolea. Wapo watakaosema kwamba tumepotea njia, kwamba mbolea ni kazi ya bwana shamba na wauguzi wabaki na sindano zao. Tunawaomba mtuvumilie. Kila mwaka mvua za kwanza zikishuka milimani hapa Mbinga, kwenye Novemba na Desemba, kliniki yetu ya watoto hupungua watu kwa sababu akina mama wako shambani. Kisha Januari hadi Machi wanarudi, na mtoto aliyekuwa akipanda vizuri kwenye kadi yake sasa anashuka. Tunamning'iniza kwenye mizani, tunatia nukta, tunaunganisha mstari, na mstari unaelekea chini. Akiba ya mahindi imekwisha, na mahindi mabichi bado hayajakomaa.

Kwa miaka mingi tulimpa mama huyo somo lilelile la uji wa lishe na kumpeleka nyumbani. Siku hizi tumejifunza kumwuliza maswali mawili ambayo chuoni hatukufundishwa. Mlipanda lini? Na mbolea ilikuja kwa jina la nani?

Tuanze na neno lenyewe. Ruzuku ni pale Serikali inapobeba sehemu ya bei, mkulima naye akabeba iliyobaki. Si jambo geni kwetu. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya 1980 tunakumbuka mbolea ikija kupitia vyama vya ushirika, na mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ikisifiwa kwa kulilisha Taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ile ilipunguzwa msimu hadi msimu, na kufikia 1994/95 ilikuwa imekwisha. Wazee wetu waliona mfuko ukipanda bei huku bei ya mahindi ikibaki pale pale. Wengine waliacha kabisa kutumia mbolea, wakarudi kutegemea mashimo ya ngolo ya babu zetu Wamatengo, ambayo kwa hakika yanahifadhi udongo mlimani vizuri, ila hayatoshi kwa kila hitaji la mahindi. Mwaka 2003/04 ruzuku ilirudi, safari hiyo kwa njia ya kulipia usafirishaji. Kisha, kuanzia msimu wa 2008/09, zikaja vocha.

Hapa kwenye vocha tunaomba tukae kidogo, maana ndipo lilipo jambo linalotuuma.

Mpango wa vocha ulikuwa mkubwa. Benki ya Dunia ilikopesha Dola milioni 160 kuusaidia, na lengo lilikuwa kuzifikia kaya milioni 2.5 nchi nzima. Kaya iliyochaguliwa ilipata vocha tatu: moja ya mbolea ya kupandia, moja ya mbolea ya kukuzia, na moja ya mbegu bora. Zote tatu zilitosha ekari moja ya mahindi au mpunga. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei, nusu nyingine mkulima alitakiwa aitoe mfukoni. Alikwenda nazo kwa wakala, akaongeza fedha yake, akatia saini au dole gumba, akabeba mzigo wake. Wakala alizipeleka vocha benki na kulipwa. Aliyestahili ni mkulima mdogo asiyezidi hekta moja ya zao hilo, na kipaumbele kilikuwa kwa kaya zinazoongozwa na wanawake na kwa wale ambao hawakuwa wametumia mbolea miaka ya karibuni. Baada ya misimu mitatu kaya ilitarajiwa kujitegemea na kumpisha jirani.

Wa kuchagua kaya hizo walikuwa kamati ya vocha ya kijiji, watu sita waliochaguliwa na mkutano mkuu, wanaume watatu na wanawake watatu. Tulifurahi mno kusikia hivyo. Kijijini petu, wawili kati ya wale wanawake watatu walikuwa wanachama wa kikundi chetu cha akina mama wa kigango. Tuliwaombea Jumapili mbele ya altare, tukaimba, tukapiga vigelegele.

Sasa kuna mama ambaye tutamwita Mama Kulwa. Si jina lake, ila kweli alijifungua pacha, na walizaliwa mikononi mwetu. Mwaka 2011 mumewe alikuwa amekwenda mjini kutafuta kazi na hakuwa ameleta habari kwa zaidi ya mwaka. Mama huyu alikuwa na watoto wanne, ekari moja na nusu mlimani, na jembe. Jina lake lilisomwa kwenye mkutano, naye akapokea vocha zake tatu kwa mikono miwili. Siku ya kwenda kwa wakala aliamka alfajiri, akatembea saa mbili, pacha mmoja mgongoni na mwingine kaachwa kwa bibi yake.

"Fedha ya kuongezea unayo, mama?" aliulizwa.

"Sina, mwanangu. Nilidhani vocha ndiyo fedha."

"Basi weka dole hapa, hapa na hapa. Chukua elfu kumi na tano, watoto wapate chumvi na sabuni."

Aliweka dole gumba mara tatu. Alirudi na chumvi, sabuni, na nusu kilo ya sukari. Kwenye makaratasi, kaya yake ilikuwa imepokea mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na mbegu bora. Mfuko wenyewe ulibaki dukani, ukauzwa kwa mwingine kwa bei kamili, na vocha zikalipwa.

Hakuwa peke yake. Wakati wa vocha mambo ya namna hii yalisikika katika sehemu nyingi za nchi, na yaliandikwa hata kwenye ripoti za Serikali na za wafadhili. Jambo linalotuuma ni kwamba sisi tulijua. Mmoja wa wale dada zetu wawili wa kwenye kamati alitunong'oneza baada ya sala ya rozari kwamba baadhi ya akina mama wanatia dole na kurudi mikono mitupu, na kwamba kamati imeambiwa isiulize sana. Tulitikisa vichwa. Tulisema ni kazi ya Serikali, tumwachie Mungu. Wakala yule, ni lazima tuseme, alikuwa ametoa mabati ya kuezekea kanisa la kigango, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama. Kwa hiyo tulinyamaza, tukaendelea kupamba altare.

Februari ya mwaka uliofuata Mama Kulwa alikuja kliniki na pacha wote wawili. Mmoja alikuwa amepoteza karibu kilo nzima tangu Novemba. Tukachukua ile picha ya ukutani, tukaanza: mama, mtoto huyu anahitaji uji mzito mara tatu hadi nne kwa siku, utie karanga zilizosagwa, utie maziwa ukipata, utie mafuta kijiko kimoja. Alitusikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama wanavyosikiliza wote. Halafu akasema, "Asante, sista. Na unga wenyewe uko wapi?"

Hakutulaumu. Pengine hata hakujua kwamba tulijua. Lakini tangu siku hiyo picha ile ya ukutani tunaitazama kwa jicho lingine.

Mwaka huohuo, baada ya mavuno ya maharage, kikundi chetu kilianza kufanya jambo dogo. Ninyi wa milimani mnafahamu kilimo cha ngolo. Kwenye Februari na Machi akina baba hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, akina mama hufukia kwa udongo na kuchimba mashimo katikati, na maharage hupandwa juu ya matuta. Maharage huvunwa Juni na Julai, na kwa desturi ya nyumba nyingi fedha yake hupita mkononi mwa mama, tofauti na ya kahawa. Tulikubaliana kila mmoja aweke sehemu ya fedha ya maharage kwenye sanduku lenye funguo tatu, isiguswe kwa harusi wala kitenge mpaka Novemba, ikatumike kuongezea kwenye vocha. Msimu wa kwanza tulikuwa kumi na moja. Wote kumi na moja walirudi na mifuko yao kichwani. Mama Kulwa hakujiunga. Alituambia kwamba yeye na madaftari wameachana. Hatukuwa na la kumjibu.

Vocha ziliendelea hadi msimu wa 2013/14, kisha mpango ukafikia mwisho.

Sasa tufike kwenye ruzuku ya siku hizi, ambayo wasomaji wengi wanaifahamu. Mwaka 2021 na 2022 bei ya mbolea ilipanda duniani kote, na vita ya Ukraine ikaongeza moto. Mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP ulivuka shilingi 120,000. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane kule Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya, na mfuko ule ukapangiwa shilingi 70,000. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kwa msimu huo. Safari hii hapakuwa na vocha ya karatasi. Mkulima huandikishwa kijijini kwa mtendaji, anataja jina, simu, shamba lake liko wapi, ni ekari ngapi na anapanda nini. Taarifa zinaingizwa kwenye mtambo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, naye anapata namba yake. Kwa namba hiyo ndipo ananunua kwa bei ya ruzuku.

Msimu wa kwanza ulikuwa na taabu zake. Vituo vya kuuzia vilikuwa vichache, foleni ndefu, na watu walilala nje ya maduka wakisubiri. Kuna mama mjamzito wa miezi minane aliyeletwa kwetu kutoka kwenye foleni, miguu imevimba kama magogo. Vituo viliongezwa baadaye na mambo yakapungua makali. Hata hivyo tunakiri kwamba kwa upande wa lile dole gumba la Mama Kulwa, mpango huu ni nafuu. Wakala hawezi kirahisi kununua namba ya mtu kwa chumvi na sabuni kama alivyonunua vocha, mradi mwenye namba asiitoe ovyo.

Tatizo limehamia kwingine, nalo limeingia ndani ya nyumba. Mume wa Mama Kulwa alirudi mwaka 2015, mzima, mpole, amechoka na mji, na tulimshukuru Mungu kwa hilo. Mwaka 2022 alikwenda kuandikishwa kama waume wengine. Akaandika jina lake, simu yake, na ekari zote za nyumba hiyo pamoja na ile moja na nusu ambayo mkewe aliilima peke yake miaka yote ile. Ujumbe wa namba ukaja kwenye simu ya baba. Mifuko ilipofika aliipeleka kwenye kahawa, kwa sababu kahawa ndiyo iliyolipa ada ya shule. Mahindi ya mama yalipata mabaki yaliyokuwa kwenye ndoo.

Hatuandiki haya ili kuwashitaki akina baba. Mzee yule hakuiba. Aliulizwa mkulima ni nani, akajibu kama alivyozoea kujibu. Mtendaji naye aliandika alichoambiwa. Hata mkewe, tulipomwuliza, alisema, "Sasa mimi ningeandikwa kama nani?"

Tukaipeleka hoja hiyo kwenye mizani yetu. Utafiti wa Taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa nchini ni asilimia 30. Iringa ni karibu asilimia 57. Njombe na Rukwa ni karibu nusu ya watoto wote. Hii ni mikoa ile ile ya mahindi tuliyoitaja mwanzo! Ruvuma yetu imetajwa mara kadhaa kuongoza kwa uzalishaji wa chakula, nayo haiko salama. Mgeni akisikia hawezi kuamini: mahali penye magunia mengi ndipo penye watoto wafupi kuliko umri wao.

Sisi tunaowapima hatushangai. Udumavu si njaa ya siku moja, wala hauonekani kama utapiamlo ule wa kuvimba. Huanza tumboni, mama anapobeba mimba huku analima, anapalilia na kubeba kuni bila kuongeza mlo. Huendelea baada ya miezi sita, mtoto anapohitaji vyakula vya makundi mbalimbali naye anapata uji mweupe wa mahindi peke yake. Huzidi pale mama anapoondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda shamba la mbali na kumwacha mtoto wa mwaka mmoja kwa dada yake wa miaka saba, na kiporo cha ugali kwenye sufuria. Mtoto huyo hula mara mbili badala ya nne au tano. Anaharisha, anapona, anaharisha tena. Mbolea ikija, mavuno yanaongezeka, na magugu nayo yanaongezeka. Palizi ni ya mama, kuvuna ni kwa mama, kupukuchua ni kwa mama. Magunia yakiuzwa, fedha ikipita mkono ambao haujui kwamba mayai ya nyumbani yamekwisha, gunia la ziada linaweza kumchosha mama bila kumfikia mtoto. Tumeona nyumba zenye pikipiki mpya mlangoni na mtoto mwenye nukta nyekundu kwenye kadi. Tumeona pia nyumba za nyasi ambamo mama ana kuku sita, bustani ya mchicha na sauti katika fedha ya mahindi, na watoto wake wamenyooka kama mianzi.

Basi msituambie kwamba mbolea si mambo ya afya.

Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, kuna mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alifariki jangwani bila mtoto wa kiume, na ardhi ilikuwa ikigawiwa kwa majina ya wanaume waliohesabiwa. Mabinti wale hawakulia nyuma ya hema. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wakauliza kwa nini wasipewe fungu kati ya ndugu za baba yao. Musa hakuwafokea. Alilipeleka shauri lao mbele ya Bwana, na Bwana akasema wamesema vema. Tunaipenda sana habari hii kwa sababu shida yao ilikuwa orodha. Na Maandiko yametunza majina yao yote: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza.

Sheria ya nchi nayo iko upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kwa hiyo mama unapokwenda kwa mtendaji kuandikishwa, huendi kuomba fadhila. Zungumza kwanza nyumbani, kwa utulivu, baada ya chakula na si mbele ya wageni. Mkubaliane shamba gani liandikwe kwa baba na lipi kwa mama, maana ekari moja haiandikwi mara mbili, na kuandikisha ekari za uongo ni dhambi na ni kosa. Nenda na kitambulisho chako. Toa namba ya simu iliyo yako kweli. Kama simu huna, nunua hata laini tu kwa jina lako uwe unaipachika kwenye simu ya dada yako, lakini usiandike simu ya wakala wala ya kijana wa dukani anayejitolea kukusaidia. Namba yako usimpe mtu akakununulie. Bei iliyopangwa kwa wilaya yenu iulize kabla ya kufungua kibindo, na risiti uidai. Mfuko utazame mshono, kama umefumuliwa na kushonwa upya uukatae. Wala usitie dole kwa kitu ambacho hukukibeba, hata anayekuomba awe ametoa mabati ya kanisa.

Na kwa kuwa sisi ni wauguzi, mtuvumilie machache ya ziada. Mama mjamzito asibebe kilo 50 kichwani. Ipo mifuko ya kilo 25, na wapo waume. Urea ni nyeupe na inafanana na chumvi, na watoto huilamba, kwa hiyo isikae jikoni hata usiku mmoja. Ukiisha kuweka mbolea shambani nawa kwa sabuni kabla ya kumnyonyesha mtoto. Mfuko uliokwisha usiuoshe ukawekea unga. Tunajua ni mfuko mzuri na imara, lakini hapana.

Mama Kulwa tulimshawishi kwa misimu miwili. Hatimaye, Septemba ya mwaka jana, alikubali, kwa sharti kwamba mmoja wetu aende naye. Tulikwenda watatu. Mumewe naye alikuja, jambo ambalo hatukulitarajia, akakaa kwenye benchi la nje akivuta kofia yake.

"Shikamoo, mama," mtendaji alisema. Ni kijana mdogo, tulimchanja sisi. "Baba ameshaandikwa, kaya hii ninayo."

Mama Kulwa akatutazama. Tukanyamaza, na safari hii tulinyamaza kwa makusudi.

"Marahaba, baba," alisema. "Baba Kulwa ameandikwa kwa kahawa yake. Mimi nimekuja na shamba la mahindi, ekari moja na nusu, la kule juu penye mwerezi. Lipunguze kwake uliweke kwangu."

Mtendaji akachungulia nje. "Mzee, ni kweli?"

"Shamba lile ni lake," mzee akasema kutoka kwenye benchi, bila kugeuka. "Mimi nilikuwa sipo."

Haikuchukua robo saa. Siku kadhaa baadaye alifika kliniki na kitindamimba wake, akiwa amefungia simu ya binti yake kwenye ncha ya kanga, akatuomba tumsomee ujumbe ulioingia. Ilikuwa namba yake. Tukamwuliza tumwandikie wapi, akatoa kadi ya kliniki ya mtoto na kutuonyesha nafasi iliyo wazi nyuma. Karatasi hiyo, alisema, ndiyo pekee isiyopotea nyumbani mwake.